Sahani ya Mjomba Makame

Tangu nirudi, kila anayekuja kununua vitumbua kwangu anaanza na swali lile lile: "Ehe, Mwanahawa, ilikuwaje huko?" Nikianza kusimulia, vitumbua vinaungua. Basi nimekaa kitako niandike, mashoga zangu, mara moja kwa wote. Anayejua kusoma amsomee asiyejua, nami niachwe nipike kwa salama.

Ninavyopenda santuri mnajua. Marehemu mume wangu aliniachia gramafoni ndogo ya betri, ile inayofungwa ikawa kama sanduku, na santuri chache za nyimbo za dansi. Tangu hapo nimekuwa nikiokota nyingine moja moja: hii kwa baharia, ile kwa mke aliyeachwa, nyingine kwa kubadilishana na kikapu cha vitumbua. Santuri mpya ya dukani hainipi raha. Napenda iliyokwisha kuishi na watu, yenye jina la mtu lililoandikwa kwa kalamu pembeni, maana kila moja ina habari yake, na mimi habari za watu nazipenda kuliko wali.

Na mjomba wangu Makame mnamjua. Ujanani alikuwa Dar es Salaam, akipiga manyanga katika bendi ya dansi. Miaka yote ametuambia kwamba walikwenda Nairobi wakarekodi wimbo, "Rudisha Mkeka", na kwamba mwisho wa wimbo mwimbaji anawaita wapigaji wote kwa majina, yeye akiwa wa mwisho. Nakala yake ilivunjika zamani. Bendi nayo ilikufa kabla haijazeeka. Kikabaki kinywa chake tu, na kinywa cha mtu mmoja barazani hakina shahidi.

Mwaka huu, katika ile harusi ya mtaani kwetu, Bwana Jumbe akamkata kauli mbele za watu: "Makame, umetuchosha na Nairobi yako! Ilete hiyo santuri tuisikie, au unyamaze." Wanaume wakacheka. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, na kicheko kile nilikisikia mpaka kwenye mifupa. Toka siku ile mjomba hakuenda tena barazani. Mtu aliyetufunza sisi wadogo kwamba ukiitwa uitike, na asiyeitika hana adabu, sasa yeye ukimwita haitiki. Unasimama mlangoni, "Mjomba! Mjomba Makame!" na unamwona amekaa, anatazama ukuta. Nikaona nisipoipata santuri ile, nitamzika mjomba wangu angali hai.

Ndipo dereva mmoja wa lori la mkonge, mteja wangu, akaniambia kuna mgahawa Lugoba wenye sanduku zima la santuri kuukuu, na wimbo wa mkeka aliwahi kuusikia huko, miaka ya nyuma, kwa masikio yake. Nikafunga safari.

Pangani mpaka Segera

Mmeniuliza kwa nini sikushuka na chombo moja kwa moja mpaka Bagamoyo, nikapandia Lugoba kutokea huko. Mimi na bahari tunasalimiana kwa mbali. Hata kuvuka mto kwenda Bweni natapika, na Bweni mtu akipiga chafya huku unaisikia. Nikapanda basi la Muheza, vumbi jekundu likatuingia mpaka kwenye meno, na jirani yangu akanipakatisha jogoo wake kama mtoto mchanga.

Segera tulikaa sana. Basi tulilokuwa tukilingoja liliharibika huko lilikotoka, nasi tukala mahindi ya kuchoma, tukala mishikaki, tukala tena mahindi. Muuza mishikaki alikuwa akilitazama sanduku langu kwa jicho la matumaini. Mwishowe akageuka akanionyesha nyuma ya suruali yake, imeachia mshono.

"Mama fundi," akasema, "nisaidie. Huku hatuna cherehani."

Nikamwambia, "Baba, hii sindano yake haishoni, inaimba."

Hakuniamini mpaka nikafungua nikamwekea wimbo mmoja. Alisikiliza amesimama, mgongo kwa ukuta, akiificha suruali yake. Nikamshonea kwa mkono, kwa sindano niliyokuwa nayo ya kawaida, naye akanipa mishikaki ya njiani. Basi likaja, nikaondoka nimekwisha kuwa na jina: Mama Sindano.

Lugoba

Mwenye mgahawa anaitwa Bwana Kibwana, Mkwere mnene mwenye sauti nyembamba. Nilipomtajia santuri macho yalimng'aa, lakini sanduku hakulifungua. "Mgeni kwanza ale," akasema, akaniletea ugali na mlenda. Sisi wa pwani mlenda tunauogopa. Nilipofumba macho nikameza, ulishuka wenyewe bila kuuliza njia, na sahani ya pili niliiomba mwenyewe. Aliyenisema kwamba najivunia wali wa nazi aliandike hilo.

Baada ya chakula tukafungua sanduku. Jamani! Kila santuri aliyoishika alikuwa na neno nayo. Hii haiuzi, kwa sababu akiipiga madereva wanaagiza chai ya pili. Ile ina alama za meno ukingoni: mwanawe wa kwanza alikuwa akiota meno, na sasa yuko jeshini. Nyingine alimpokonya shemeji yake kwa sababu ilikuwa ikimliza mkewe, naye Bwana Kibwana akaipiga siri siri ajue inaliza kwa nini, ikamliza na yeye. Tulicheka kama watu waliokua pamoja. Lakini tulifika chini ya sanduku, na mkeka haukuwemo.

"Ule," akasema, akijikuna kidevu, "nilimpa dada yangu Zuhura alipoolewa Mlingotini. Nilimpa santuri na kinanda cha kuipigia, nyumba yake isiwe kimya."

Nikamsogelea. "Na mwisho wa wimbo, Bwana Kibwana, si wanaitwa watu majina?"

"Wanaitwa."

"Yupo Makame?"

Akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Mama, wimbo ukifika mwisho mimi nilikuwa namimina chai. Siwezi kuapa." Kisha akaniambia nimpe Zuhura salamu zake, maana hawajaonana muda mrefu.

Msata

Lugoba nikarudi nyuma mpaka Msata, njia panda ya Bagamoyo, na hapo ndipo nilipojifunza subira niliyodhani ninayo. Kila gari lililosimama lilikuwa linakwenda ninakotoka. Kulikuwa na bwana mmoja akingoja kama mimi, anayejua kila kitu: gari litakuja, halitakuja, lilikwisha pita, liko njiani. Nilikuwa karibu kumjibu vibaya alipovunja mkate wake akanipa nusu, nikala.

Likaja lori la mananasi. Dereva akasema nafasi ipo juu, ikiwa mama hana tatizo na mananasi. Sikuwa nalo mpaka tulipoondoka. Mashoga zangu, mananasi nilikuwa nikiyajua kwa ladha tu. Siku ile niliyajua kwa upande mwingine. Sanduku langu nililipakata njia nzima, na kila shimo tulilolikuta nililihesabu kwa mwili wangu.

Bagamoyo

Nilifikia kwa Bi Rukia, shoga wa marehemu mama, katika nyumba yao ya mawe ya mji wa kale. Nilipiga hodi, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Mwanangu, unanuka nanasi." Kisha akanikumbatia tukalia kidogo kwa ajili ya mama.

Kula nilikula. Samaki wa kupaka, wali wa nazi, na achari ya embe iliyonifanya nifunge jicho moja. Nilipomwambia nimefuata nini, hakucheka. Alimkumbuka Makame kijana, kapita Bagamoyo na viatu vyeupe. "Huyo hakuwa muongo," akasema. "Alikuwa na maringo, lakini muongo hakuwa."

Asubuhi alinifungia mkate wa kumimina wa njiani, juu ya sahani ya bati yenye maua mekundu, akaifunga kwa kitambaa. "Sahani yangu irudi," akasema, "na desturi unaijua." Naijua. Sahani iliyokuja na chakula hairudi tupu. Hata kama huna kitu, utaweka ndimu mbili.

Njia ya Mlingotini

Nikafuatana na wanawake watatu wa Mlingotini waliokuwa wakirudi kutoka sokoni, makapu matupu kichwani. Hapa nieleze jambo. Kwetu nyumbani, kwa uvivu wa ulimi, sahani ya santuri tunaiita sahani tu. Nimezoea hivyo tangu nimeolewa, wala sikuwahi kufikiri kwamba kuna mahali neno hilo litanitia taabani.

Aliyekuwa mbele, mwanamke mrefu jina lake Mwajuma, akaniuliza, "Waenda kwa nani, dada?"

"Kwa Bi Zuhura, nduguye Bwana Kibwana wa Lugoba. Nimefuata sahani."

"Sahani gani?"

"Sahani kuukuu. Mpya sina haja nazo. Hata ikiwa imepasuka ukingoni nitaichukua hivyo hivyo."

Wakatazamana. Tulikuwa tunapita Kaole, karibu na yale makaburi ya kale, lakini mimi nilikuwa nikitazama miguu yangu isikanyage miiba.

"Wazitafuta huku tu," akauliza yule wa pili polepole, "au na kwingine?"

"Kokote ziliko! Nyumbani ninazo tele, nimezitoa huku na huku. Lakini hii ya leo ni ya ukoo. Jina la mjomba wangu limo mle."

Mazungumzo yakakatika kama uzi. Nilidhani wamechoka. Nikawafunulia mkate wangu wa kumimina niwagawie, na walipoiona ile sahani ya maua Mwajuma akasema "Astaghafirullah" na asile hata kipande. Nikakasirika kidogo, maana mkate wa Bi Rukia haukataliwi. Nikaula wote mimi.

Mlingotini

Hawakunipeleka kwa Bi Zuhura. Walinipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji, mzee mwembamba mwenye kofia ya kufumwa, na nyuma yetu watu wakazidi kuongezeka. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba kwa upole uliozidi.

"Mama, umetoka Pangani."

"Ndiyo, mzee."

"Huko kwenu maiti hawana sahani?"

Ndipo nikaelewa. Wazee wa kale walikuwa wakiyapamba makaburi kwa sahani za kaure, wakizipachika kwenye chokaa, na wasio na haya wamekuwa wakizibandua wakaziuze. Na mimi, kwa kinywa changu mwenyewe, njia nzima nimejitangaza kwamba ninazo tele nyumbani, na kwamba hii ya leo ina jina la marehemu wetu!

Hasira ikanipanda, ninavyojijua. "Mzee, mimi napika vitumbua," nikasema. "Sahani za maiti nitazipakulia nini?" Nikalibwaga sanduku chini, nikalifungua mbele yao. Watu wakarudi nyuma. Nikaweka santuri, nikashusha sindano, na gitaa likaanza kulia pale uwanjani.

Mwajuma akajipiga mapaja. "Kumbe santuri! Si useme santuri, ewe mwanamke!" Kikaanguka kicheko, na mwenyekiti alicheka mpaka akaishika kofia yake isidondoke. Mwajuma akaniomba radhi, kisha akauliza kama mkate umebaki. Nikamwambia angeuliza mapema.

Kicheko kilipopungua, mama mmoja mfupi aliyekuwa amesimama nyuma akasema, "Sahani hiyo? Mimi ninayo. Nafunikia mtungi."

Alikuwa Bi Zuhura. Akaenda kwake akarudi na santuri inadondosha maji. Karatasi ya katikati ilikwisha kubanduka yote, na tundu lilizibwa kwa gunzi la muhindi, ndilo la kushikia. Juu yake alikuwa akiweka kata ya kuchotea maji, na miaka yote hiyo kata ilikuwa imechora mstari mmoja mrefu. Niliutazama mstari ule. Ulikuwa karibu na tundu. Karibu na tundu ndiko wimbo unakoishia, pale pale majina yanapoitwa.

"Kinanda kiliharibika kwa chumvi," akasema Bi Zuhura kama anayejitetea. "Nikaona isikae bure. Huyo kaka yangu mzima?"

Nikampa salamu zake zote. Akazipokea, akatoa gunzi, akaifuta santuri kwa kanga yake, akaiweka mwenyewe.

Ilikwaruza, ikakohoa, kisha mwanamume akaanza kuomba arudishiwe mkeka wake, na nyuma yake manyanga yakawa yanatembea kwa madaha. Niliujua wimbo huo. Mjomba alikuwa akiuvuma tangu niko mtoto. Lakini betri zangu zilikuwa zimechoshwa na Segera na Lugoba. Katika ubeti wa pili mwimbaji akaanza kuimba kama mtu anayesinzia, akazidi kuwa mzito, akalala. Bi Zuhura, aliyekuwa akiimba naye, akaumalizia ubeti peke yake, na hakuna aliyecheka.

"Na majina?" nikamwuliza.

"Yapo, mwishoni. Sikuyashika, dada. Mimi nilikuwa nikiusikiliza mkeka." Akaniwekea santuri mikononi. "Chukua, mpelekee mjomba wako. Lakini mtungi wangu haukai wazi, mijusi itatumbukia."

Nikatazama nilicho nacho. Nilikuwa na sahani ya bati yenye maua mekundu, na haikuwa yangu. Mungu anisamehe, nilimpa. Ilikaa juu ya mtungi ule utadhani imefinyangiwa.

Kurudi

Bi Rukia alinipokea kwa swali moja. "Sahani yangu?"

"Inafunika mtungi Mlingotini, mama."

Akaniacha niseme yote mpaka mwisho, akitafuna karafuu. "Basi," akasema, "haikurudi tupu wala haikurudi. Nisikie yatakayomfika Makame. Hayo ndiyo utakayonitilia katika sahani." Kwa hiyo karatasi hizi, mkimaliza kuzisoma, msizifungie vitumbua. Zinakwenda Bagamoyo.

Betri nilizipata Bagamoyo, kwa bahati, maana siku hizi zinasikika kuliko zinavyoonekana. Nilizishika mkononi pale dukani. Ningeweza kuzitia na kusikiliza hapo hapo. Sikuzitia. Kama jina halimo, au kata ya Bi Zuhura imelifuta, sikutaka kuwa wa kwanza kujua, kisha nisafiri njia yote ile na mzigo huo, nikamtazame mjomba usoni. Niliogopa, nasema kweli. Nikaziweka kwenye pindo la kanga.

Njiani jua lilikuwa kali, na santuri ikipata joto inajikunja. Nikaifunga kwa kitambaa chenye maji nikaipakata. Kabla ya Segera basi likapata pancha, tukashuka, na kila mtu akatafuta kivuli. Mimi nikakitafutia santuri kwanza. Abiria mmoja alishindwa kujizuia. "Mama, umebeba dawa?"

"Ndiyo," nikamjibu.

"Ya nini?"

"Ya mtu asiyeitika."

Akasogea kidogo. Nadhani aliogopa nisije nikamwita.

Pangani, barazani

Nilifika adhuhuri, nikaenda moja kwa moja mlangoni kwa mjomba. "Mjomba! Nimerudi!" Kimya. Nikamwambia nimeipata. Akageuza uso. "Mwanangu, umejichosha bure," akasema. "Mimi nimekwisha nyamaza."

Sikubishana naye. Baada ya sala ya alasiri nikalichukua sanduku langu nikalitua barazani, katikati ya wanaume, mbele ya Bwana Jumbe mwenyewe. Wakashangaa, mwanamke na baraza yao wapi na wapi. Nikatia betri mpya. Nikaweka santuri. Sindano ikaruka mara mbili kabla haijatulia.

Mkeka ukaanza kuombwa. Manyanga yakaja, na mjomba akatokea. Alikuja akishika ukuta kwa mkono mmoja, miguu peku, akasimama pembeni kama mgeni asiyealikwa. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha gitaa likapungua, na mwimbaji akaanza kuwaita wenzake kwa furaha, kama mtu anayewaita watu chakulani: Saidi, gitaa! Abeidi, tarumbeta! Nikaiona sindano inaukaribia mstari wa kata. Nikafumba macho.

"Makame, manyanga!"

Sindano ikagonga mstari, ikarudi nyuma.

"Makame, manyanga!"

Ikagonga, ikarudi. "Makame, manyanga! Makame, manyanga!" Wimbo umekwama. Kata ya Bi Zuhura ilikuwa imeufungia pale pale.

Bwana Jumbe alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono ainue sindano. Mjomba akasema, "Iache."

Jumbe akaurudisha mkono. Akainuka pale alipokaa, akamshika mjomba wangu bega, akamkalisha mahali pake. Yeye akaenda kusimama pembeni, nikamsamehe nusu yake.

"Makame, manyanga!" ikasema santuri.

Mjomba akajiweka sawa. Akalivuta shati lake mbele, kama alivyotufunza tufanye tukiitwa na mkubwa. "Naam!" akaitika.

"Makame, manyanga!"

"Naam!"

Mimi nililia mbele ya wanaume bila haya. Betri zilikuwa mpya, na hakuna aliyekuwa na haraka. Ilimwita, akaitika; ikamwita tena, akaitika.